Ngozi ya Mama Mtu Mzima Nayo ni Akiba



Miaka 10 tumeweka akiba ya shilingi. Leo tuseme habari ya ngozi, maana wengi wetu tumekoma hedhi, usiku tunajikuna na kusema tunaona haya.

Jamani, siyo kurogwa. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, ngozi huwa nyembamba, hukauka na kukunjamana. Basi tuoge maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, sabuni kidogo, kisha tupake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Shambani tujifunike kanga. Kidonda kisichopona, twende zahanati.

Mkorogo tuuache! Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ile ile inayokamatia dhahabu kwenye mialo ya Geita. Hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Na wenzetu wa mialoni, zebaki tusiishike mikono mitupu wala tusiichomee jikoni.

La mwisho ni zito. Huku kwetu Usukumani bibi zetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti macho mekundu. Wekundu ule mara nyingi ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, miaka yote wakitupikia. Kwa hiyo tusicheke makunyanzi ya bibi. Tumtembelee, tumpake mafuta mgongoni asikofika mwenyewe, majirani waone ana watu.

Uzee siyo uchawi.