Mungu Aliyepoteza Silaha Yake: Sanamu ya Artemision na Vitu vya Kale vya Ituri

Mada kwa semina ya walimu wa historia, Ngezi, Bunia



Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia huko Athens kuna sanamu ya shaba nyeusi ya mwanaume mwenye ndevu, uchi, urefu wake mita 2.09, mkono wa kuume ameurudisha nyuma kama mtu anayetaka kurusha kitu. Umri wake ni karibu miaka 2,500. Mwaka 1926 mkono mmoja ulitolewa baharini karibu na rasi ya Artemision. Mwaka 1928 wazamiaji wakapandisha mwili, kwenye mabaki ya merikebu. Macho hayakuwepo, wala kile alichokuwa amekishika.

Basi hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kama alishika radi, ni Zeus, mkubwa wa miungu ya Wagiriki. Kama ni mkuki wa ncha tatu, ni Poseidon, bwana wa bahari. Wengi leo wanasema Zeus, kwa kuwa mkuki mrefu ungekatiza mbele ya uso, na kwangu hoja hiyo inatosha. Wagiriki wa wakati ule wangemtambua mara moja, bila kuuliza.

Kuzama ndiko kulikomwokoa. Sanamu nyingi za namna hiyo zilizobaki nchi kavu ziliyeyushwa zikawa silaha na sarafu, kama mafundi wetu wanavyoyeyusha alumini chakavu kumimina sufuria. 

Sanamu ile ilipopoteza silaha ilipoteza pia jina lake; sasa tuje kwetu, tuone vitu vyetu navyo. Kati ya 1909 na 1915, watafiti Herbert Lang na James Chapin walitumwa na makumbusho ya New York kaskazini-mashariki ya Kongo. Walipita Avakubi, Medje, Niangara, hadi Faradje. Waliondoka na maelfu ya vitu, vingi vya Wamangbetu: vinubi vyenye kichwa cha mtu, masanduku ya magome, visu, vyungu. Lang alipiga picha karibu 10,000 na kuandika alichoelezwa, kwa hiyo vitu hivyo havijawa mabubu kabisa. Lakini mwaka 1990 watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim walionyesha kwamba vichwa vile tunavyoviita asili ya Wamangbetu viliongezeka sana kwa sababu wageni walivipenda na kuvinunua. Maandishi ya mgeni yanabeba pia hamu ya mgeni.

Tunadai vitu vilivyochukuliwa virudi, na ni haki. Ila vilivyo majumbani vinatoweka kimya kimya. Familia nyingi zilizokimbilia Bunia kutoka Djugu na Irumu ziliacha ngoma, mikuki na viti vya wazee. Waliobeba kimoja wanajua habari zake, wajukuu hawazijui.

Pendekezo langu: kila mwanafunzi wa sekondari amwendee mzee mmoja, apige picha ya kitu chake kwa simu, aandike nani alikitengeneza, kilishikwa na nani, siku gani, mkono upi. Daftari libaki shuleni, na nakala kwa familia.