Kusemea na Kuletea: Lugha ya Mbunge kati ya Kitomanga na Dodoma

Kitomanga ni kata iliyo kaskazini ya mji wa Lindi, upande wa kuelekea Kilwa, katika jimbo la uchaguzi la Mchinga. Watu wake ni wakulima wa korosho, ufuta na muhogo, na lugha zinazosikika huko ni Kimwera, Kimachinga na Kiswahili. Mahali kama hapo mpiga kura anapotaka kumsifu au kumlaumu mbunge, hutumia hasa vitenzi viwili. Kimoja ni kusemea: mbunge anatusemea, au hatusemei. Cha pili ni kuletea: ametuletea maji, hajatuletea barabara. Vyote viwili ni vya kauli ya kutendea, kauli ambayo kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili huifahamu tangu mwaka wa kwanza. Mhadhara huu unahusu umbali uliopo kati ya vitenzi hivyo viwili, kwa kuwa ndani ya umbali huo ndimo kazi ya mbunge inamofanyika, na mara nyingi ndimo inamoeleweka vibaya.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 iko upande wa kusemea. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inataja waziwazi kwamba Bunge laweza kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma. Ibara ya 99, kwa upande wake, inalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kodi na matumizi ya fedha za umma isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Kwa maneno mengine, mbunge wa Mchinga hawezi kusimama na kupendekeza kwa hiari yake kwamba fedha zaidi zitengwe kwa kisima cha Kitomanga. Anachoweza ni kuuliza, kushauri, kukataa na kulalamika. Hana mamlaka ya kuleta. Mamlaka aliyonayo ni ya kusema. Hata hivyo mwaka 2009 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambayo humfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa fungu dogo la fedha jimboni mwake. Mifuko ya saruji na mabati yaliyotokana na fungu hilo yalikitia nguvu kitenzi kuletea. Haifai kuwacheka wanakijiji kwa hilo. Anayeona bati juu ya darasa ana ushahidi, ilhali anayeambiwa kwamba ametetewa Dodoma anaombwa aamini tu.

Majina ya wasemaji wa umma katika pwani hii yana historia inayostahili kutajwa. Jumbe alikuwa mkuu wa mji au kijiji katika Mrima, na Wajerumani walipoweka utawala wao walimgeuza kuwa ngazi ya chini ya serikali, akida akiwa juu yake. Kutokana na shina hilohilo tunaye mjumbe, mtu anayebeba ujumbe. Diwani nalo lilikuwa cheo cha watawala wa miji ya pwani. Leo ni mwakilishi wa kata katika halmashauri. Zanzibar, tangu kuundwa kwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1980, husema mwakilishi. Mbunge ni neno la namna nyingine: chombo kimetangulia, kisha kiambishi cha ngeli ya watu kikamtoa mtu ndani ya chombo. Sauti ya neno haitaji kubeba ujumbe wala kuwakilisha. Inamtaja kama mtu wa Bunge, wala si mtu wa waliomtuma. Pengine ni bahati tu ya uundaji wa maneno. Lakini kuna wapiga kura ambao wangeona maana ndani yake.

Jina la jimbo lenyewe limesafiri kuliko wabunge wake wote. Machinga, neno linalomtaja mchuuzi wa barabarani kutoka Kariakoo hadi Mwanza, kwa kawaida huhusishwa na vijana wa Kimachinga waliotoka Lindi kwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi. Wapo wanaolieleza kuwa limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yanayomtaja kijana anayetembeatembea. Maelezo hayo yana ladha ya mzaha wa mjini kuliko ya etimolojia. Vyovyote iwavyo, jamii ya kusini imelipa taifa jina la umaskini wa mjini, na jina hilo sasa limo katika hotuba za bajeti.

Kiswahili hakikuwa lugha ya chombo hiki tangu mwanzo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililoanza mwaka 1926, liliendeshwa kwa Kiingereza, na Mwafrika asiyekijua hakuwa na nafasi ndani yake. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, mlango ulifunguka. Katiba ya sasa inamtaka mgombea ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hata hivyo, kwa miongo mingi miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza huku mjadala ukienda kwa Kiswahili, hata mbunge akawa anatetea kwa lugha moja kifungu kilichoandikwa kwa nyingine. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Lakini Kiswahili cha Bunge si kile cha mkutano wa kijiji. Katika mkutano, mzee husimama na kumwambia mbunge ana kwa ana: wewe mwanangu ulituahidi. Bungeni nafsi ya pili imetengwa kwa Spika peke yake. Waziri aliyeketi hatua chache mbele huzungumziwa kama mtu asiyekuwapo: Mheshimiwa Spika, naomba Waziri awaeleze wananchi. Kanuni hiyo ina hekima yake, maana hupunguza ukali wa maneno. Lakini pia lalamiko la mzee hupoteza mtu wa kulijibu. Zaidi ya hayo, kuna viambishi vya umilikishi. Mbunge husema jimbo langu, wananchi wangu, hata nina kata kadhaa hazina maji. Katika Kiswahili cha kawaida mtu asemaye nina vijiji angedhaniwa kuwa sultani. Bungeni ni kinyume: ni njia ya kuchukua shida za watu na kuzifanya zake, na kwa hiyo haifai kuhukumiwa haraka kuwa ni majivuno.

Swali la msingi lina maumbo mawili makuu. La kwanza huanza na maneno ni lini Serikali. La pili, je, Serikali ina mpango gani. Tofauti yake si ndogo. Lini hudai tarehe. Mpango gani huridhika na maelezo. Tuchukue mfano wa kubuni: mbunge anauliza ni lini kijiji fulani kitapata maji. Jibu litakalosomwa litaeleza kwamba upembuzi yakinifu umekamilika, kwamba usanifu wa kina unaendelea, na kwamba ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Anayesoma kumbukumbu rasmi za Majadiliano ya Bunge za miaka mingi atayakuta maneno hayo mara nyingi mno. Kisarufi, kitenzi kupatikana kimebeba mzigo wote. Ni kauli ya kutendeka, isiyo na mtenda. Hakuna anayetafuta fedha, hakuna anayezitenga, hakuna anayezinyima. Zenyewe zitapatikana, kama mvua. Lini imeulizwa, na jibu limekuja katika kauli ambayo haiwezi kuwa na tarehe. Mbunge mwenye uzoefu huliona jambo hili, na ndiyo maana swali la nyongeza, lisiloandikwa kabla, huwa na thamani kuliko la msingi: hapo anaweza kumrudisha mtenda ndani ya sentensi.

Mbali na kauli za vitenzi, majina ya mahali nayo yana gharama. Mwishoni mwa muongo wa 2010 kata za jimbo la Mchinga, Kitomanga ikiwamo, ziliondolewa katika iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi na kuingizwa katika Manispaa ya Lindi. Mashamba hayakusogea wala mji haukusogea, ila msamiati ulibadilika. Na nchini Tanzania neno kijiji na neno mtaa yana sheria tofauti nyuma yake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inahusu kijiji, na serikali za mitaa za wilaya na za miji zina sheria mbili mbalimbali za mwaka 1982. Mwaka 2022 tofauti hiyo ilionekana kwa shilingi. Ada ya kuunganishiwa umeme mjini ilirudishwa kuwa shilingi 320,960, na ya kijijini ikabaki 27,000. Wabunge wenye maeneo ya kilimo ndani ya mipaka ya miji wakasimama mmoja baada ya mwingine kuhoji nani hasa anaitwa mtu wa mjini. Ulikuwa, kwa hakika, mjadala wa semantiki, ingawa hakuna aliyeuita hivyo, na aliyekuwa akisubiri maana sahihi ya neno kijiji alikuwa gizani.

Neno jingine la kusini lililopanda hadi Dodoma ni kangomba. Kwa wakulima wa korosho, kangomba ni chombo cha kupimia, na kwa kupanuka maana likawa jina la biashara yenyewe: mnunuzi anakuja wakati wa njaa, kabla ya msimu, anampa mkulima fedha kidogo, na korosho hulipwa kwa kipimo kinachozidi uzito wake wa haki. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, chini ya sheria ya mwaka 2005, mauzo halali yalipaswa kupita kwenye chama cha msingi cha ushirika na mnada, na kangomba ikawa kosa. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnada, Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuhakikiwa shambani ili ijulikane kama si wa kangomba. Neno likahama tena: kutoka chombo, kuwa biashara, kuwa tuhuma. Mkulima halisi mwenye mavuno mengi alijikuta akithibitisha kwamba yeye si neno hilo. Mbunge wa eneo la korosho alikuwa na kazi ngumu ya kueleza bungeni kwamba maana ya mwisho haikufuta ya kwanza, na kwamba aliyekubali kangomba mara nyingi alikuwa ameuza korosho zake ili watoto wale mwezi wa Julai.

Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2018, kusemea kulijaribiwa kwa namna ambayo watu wa kusini hawajaisahau. Ushuru wa kusafirisha nje korosho ghafi ulikuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi kati ya viwili hivyo, na asilimia 65 ya mapato yake ilirudi kwenye tasnia: utafiti, miche, na hasa salfa ya kupambana na ubwiriunga. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza fedha zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Lindi na Mtwara, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa sauti moja, jambo lisilo la kawaida. Mchinga wakati huo iliwakilishwa na Hamidu Bobali wa CUF, na jirani yake wa Mtama, Nape Nnauye, alikuwa wa CCM. Walishindwa, muswada ulipita. Msimu wa 2017/2018 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 310,000 za korosho. Uliofuata ulitoa takribani 225,000. Sababu za anguko hilo ni nyingi na haitakuwa haki kulitwika badiliko moja la sheria. Ila kwa kipimo cha kuletea, wabunge wale walirudi mikono mitupu. Kwa kipimo cha kusemea, ilikuwa kazi yao bora kupita zote.

Ni ajabu kidogo kwamba jina la mbunge wa Mchinga lililotajwa zaidi kitaifa lilitajwa kwa jambo lisilohusu Mchinga. Agosti 2007 Mudhihir Mudhihir ndiye aliyetoa hoja iliyosababisha Zitto Kabwe kusimamishwa, katika mzozo wa mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Aliyemfuata baada ya Bobali, Salma Kikwete, mwalimu kwa taaluma, alichaguliwa mwaka 2020 akiwa tayari anajulikana nchi nzima. Umaarufu wa aina hiyo husaidia mlango kufunguliwa wizarani, na hilo nalo ni namna ya kuletea ambayo Majadiliano hayaiandiki.

Linabaki suala la msikilizaji. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vya Bunge, kwa sababu ya gharama. Waziri aliyelitangaza alikuwa Nape Nnauye, mbunge wa mkoa huohuo wa Lindi, na miaka miwili baadaye angekuwa miongoni mwa waliotaka sauti yao ya korosho isikike. Kumbukumbu rasmi ziliendelea kuchapwa, na husomeka hadi leo mtandaoni, pamoja na zile alama za mabano zisemazo makofi au kicheko. Zinaonyesha mahali ambapo wenzake mbunge walimpigia meza. Hazina alama ya kuonyesha kama huko Kitomanga redio ilikuwa imewashwa.