Usiache Waya Nyumbani: Kuunganisha Mashine ya Kupima Malori kwa Wi-Fi na Bluetooth

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya mafundi, madereva na wenye magari ya mizigo mjini Voi

Asanteni kwa kufunga kazi mapema. Najua saa hizi ndizo malori yanaingia Voi yakitoka Mombasa, na kila saa fundi anayokaa hapa ni saa asiyolipwa. Sitawaweka sana.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Mimi ni mtu wa kalamu na kamera. Lakini kiangazi kilichopita nilikuwa nikielekea Kasigau kupiga picha za shughuli nyingine kabisa, na nilipoiacha barabara kuu pale Maungu, mbele kidogo nikakuta lori la maji limesimama kwenye vumbi. Lilikuwa limekodiwa na kikundi cha akina mama kwa pesa za chama chao. Dereva akaniambia taa ya injini imewaka na lori limeishiwa nguvu. Ukikanyaga mafuta linanguruma tu, kamwinuko kadogo linashindwa. Fundi alikuwa ameshafika kwa bodaboda, mashine mpya ya kupimia iko begani.

Karibu saa tatu nzima fundi yule hakugusa lori. Alikuwa anahangaika kuifanya mashine iongee na laptopu yake. Taa ya mashine inapepesa, laptopu inasema hakuna kifaa. Akazima, akawasha. Akaomba simu ya dereva, kisha yangu. Mwishowe utingo, kijana mdogo tu, akauliza, "Kwani hii kitu haina waya?" Waya ulikuwepo. Ulikuwa nyumbani Voi, ndani ya katoni, haujafunguliwa.

Bodaboda ikarudishwa Voi. Waya ulipofika, hitilafu ilisomeka kabla sijamaliza chupa yangu ya maji. Waya wa kihisio cha presha ya dizeli ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukachubuka. Ukafungwa tepu, ukatengwa na kile chuma, lori likapanda. Nilipofika kijijini jioni niliwakuta akina mama wamekalia mitungi yao tangu asubuhi, na wawili kati yao wako hapa mbele yenu leo. Maji yalifika gizani.

Tangu siku ile nimekaa na mafundi kadhaa, nimesoma vitabu vya mashine hizi, na nimejaribu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane majina. Mashine ya kupima lori ina mambo matatu: waya unaoingia kwenye soketi ya gari, kisanduku kinachosoma lugha ya gari, na laptopu au tableti yenye programu. "Bila waya" maana yake ni njia ile ya kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye laptopu, basi. Kwenye gari waya au plagi bado iko palepale. Na wala haimaanishi intaneti. Hili limewachanganya wengi, na nimeona mtu akinunua bando ili asome gari. Kisanduku na laptopu vinaweza kuongea katikati ya Tsavo mahali ambapo hakuna mlingoti hata mmoja wa simu. Intaneti unaihitaji wakati wa kulipia leseni ya programu au kuchukua toleo jipya, na hayo yafanyie mjini kabla hujatoka.

Pili, lori si Probox. Gari dogo linatumia volti 12. Malori mengi yanayopita hapa ni ya volti 24, betri mbili zimefungwa kwa mfuatano. Vile vidude vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana vingi vimetengenezwa kwa gari dogo, na ukikichomeka kimoja kwenye lori unaweza kukiunguza hapohapo. Soketi ya pini 16 ya volti 24 inatambulika kwa mfereji wake wa katikati, ambao umekatwa. Ule wa volti 12 umenyooka moja kwa moja. Lakini jicho hukosea. Chukua mita, pima kati ya pini 16, ambayo ni chanya, na pini 4 au 5, ambazo ni ardhi. Matrekta makubwa na mitambo ya kuchonga barabara mara nyingi ina soketi ya duara ya pini 9. Ikiwa ni ya kijani, plagi nyeusi ya zamani haitaingia, kwa hiyo usiilazimishe. Ya kijani ni ya mawasiliano ya kasi mara mbili ya ile nyeusi, na zimetenganishwa kwa makusudi.

Sasa kuunganisha kwenyewe. Mashine ikiwa mpya, mara ya kwanza iunganishe kwa waya wa USB. Usiruke hatua hii hata kama tangazo la dukani lilisema haina haja ya waya. Kwa USB ndipo laptopu inapata programu ya kukitambua kisanduku, kisanduku chenyewe kinapata toleo jipya la programu yake ya ndani, na visanduku vingi ndipo vinapoandikiwa jina la Wi-Fi na nenosiri. Kisha soma gari moja kwa waya mpaka mwisho. Ikisoma, unajua kisanduku ni kizima na soketi ina umeme. Baada ya hapo, ukitoa waya na mambo yakikataa, unajua kosa liko hewani na hutapoteza siku ukilichunguza lori.

Kwa Bluetooth, washa swichi ya gari, subiri taa ya kisanduku, kisha kwenye laptopu tafuta kifaa kipya na ukioanishe. Namba ya siri ya kiwandani mara nyingi ni 0000 au 1234. Watu hukwama hapa: laptopu inaandika kwamba vimeoanishwa, lakini programu inasema haioni kitu. Kwa mashine nyingi Windows hufungua milango miwili inayoitwa COM, mmoja wa kutoka na mmoja wa kuingia. Ingia kwenye mipangilio ya programu uielekeze kwenye ule wa kutoka. Na kama gereji yenu ina laptopu mbili, hakikisheni ile nyingine haijakishika kisanduku. Kikishikwa na mmoja, mwingine hakipati, kama bafu la ploti.

Wi-Fi ndiyo yenye maneno mengi, kwa sababu ina njia mbili. Ya kwanza, kisanduku chenyewe kinatoa mtandao wake mdogo na laptopu inajiunga nao. Hiyo ndiyo nzuri ukiwa barabarani. Laptopu itakuonya kwamba mtandao huu hauna intaneti, na nyingine kwa ujanja wake zitaruka zirudi kwenye mtandao mwingine unaoujua. Iambie ibaki. Njia ya pili, kisanduku na laptopu vyote vinajiunga na rauta ya gereji au hotspoti ya simu. Hii ni nzuri pale gereji, kwa kuwa unasoma gari huku intaneti inaendelea.

Yule fundi wa Maungu alikuwa anatumia hiyo ya pili, kwa hotspoti ya simu. Baadaye tulikaa naye tukagundua kilichomkwamisha. Hotspoti za simu mpya mara nyingi hutoa mawimbi ya gigahezi 5, na kisanduku chake, kama vingine vingi, kinasikia ya 2.4 peke yake. Kwa hiyo simu inaita, kisanduku ni kiziwi. Kwenye simu za Android ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague 2.4. Kwenye iPhone kuna kitufe cha kuongeza utangamano, kiwashe. Saa tatu za jua kali, na dawa ilikuwa kitufe kimoja.

Vikwazo vingine viwili nivitaje haraka. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni, na huo kwa kawaida huzuia vifaa visionane; usitumie huo. Na Windows ikikuuliza kama mtandao ni wa umma au wa binafsi, chagua wa binafsi ukiwa kwenye gereji yako, halafu uiruhusu programu ya kupima ipite kwenye ukuta wa ulinzi. Tafadhali msiuzime ukuta wote. Nimeona laptopu imezimwa ulinzi mwaka mzima kwa sababu ya mashine moja, na laptopu hiyohiyo mwenye gereji anaingilia benki.

Mkumbuke pia kwamba chuma hula mawimbi. Kichwa cha lori ni chuma, kontena ni chuma, na gereji zetu ni mabati juu na kando. Mawasiliano yakikatika kila mara, sogea karibu au fungua mlango wa lori kabla ya kuilaumu mashine.

Hitilafu zinaposomeka, mafundi wetu huziita kodi. Niliposema ofisini kwamba nakwenda kuzungumzia kodi za malori, wenzangu wa mapato waliinua vichwa wote. Hizi ni namba tu, jamani, kaeni raha. Malori mengi ya kisasa hutoa namba mbili pamoja: SPN, inayotaja sehemu, na FMI, inayosema sehemu hiyo ina nini. Lile la Maungu lilitoa SPN 157, yaani presha ya dizeli kwenye reli, na FMI 4, yaani volti ya kihisio imeshuka chini ya kawaida au waya umegusa ardhi. Ona tofauti. Mtu asiyepima angeanza kwa kubadilisha pampu ya dizeli, na akina mama wangelipa pampu ambayo haikuwa na kosa. Piga picha ya namba hizo kabla hujazifuta. Ukizifuta bila kuziandika, dereva akikwama Mtito Andei fundi wa kule anaanza upya.

Sasa mambo mawili ambayo sitayapitia haraka, kwa sababu moja linaua lori na lingine linaweza kuua mtu.

La kwanza ni kuandika programu upya kwenye kompyuta ya injini. Kusoma bila waya ni sawa; kuandika, tumia USB, na betri iwe imefungwa kwenye chaja inayoweza kushikilia volti. Mawasiliano yakikatika katikati, au volti ikianguka, kompyuta hiyo inaweza kubaki haijui kama ni ya lori au ya redio, na bei yake mnaijua kuliko mimi.

La pili: mashine hizi haziishii kusoma, huweza pia kuamrisha. Zinaweza kupandisha mzunguko wa injini, kufungua vali za breki, kushusha lori lenye mifuko ya hewa. Zamani waya ulikulazimisha usimame hapohapo. Bila waya unaweza kubonyeza ukiwa kwenye benchi la chai huku mwenzako amelala chini ya lori. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote la kuamrisha, nenda ukatazame chini ya gari kwa macho yako, weka vizuizi vya magurudumu, na mwite kila mtu kwa jina. Kusema "nadhani ametoka" hakutoshi.

Badilisheni pia nenosiri la kiwandani. Kwenye maegesho ya malori usiku, 1234 inafunguliwa na mtoto. Na zile namba za chesisi, kilomita na picha za skrini mnazorushiana kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi zinaweza kumtambulisha mwenye gari, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Ukitaka kuuliza wenzako, funika namba ya gari na ya chesisi kwanza.

Wenye magari, nanyi msikae kimya. Mkipeleka lori gereji, ombeni mwonyeshwe namba zilizosomwa kabla ya matengenezo na baada yake. Fundi mzuri hachukii swali hilo, na anayechukia mmeshamjua.

Nje kuna malori mawili ambayo wenyewe wametuazima mpaka saa kumi na moja. Moja ni la volti 24, jingine ni dogo la 12, na sitawaambia lipi ni lipi mpaka mpime. Aliyekuja na mashine aitoe. Na waya wake pia.