Picha Inapochanika Kwenye Skrini, Kadi Mpya Si Dawa ya Kwanza

Mada iliyotolewa kwa vijana, wazazi na wenye maduka ya michezo ya kompyuta



Kijana anacheza gemu kwenye kompyuta. Anamgeuza mhusika wake kwa haraka, na mlingoti uliosimama wima unaonekana umekatwa: kipande cha juu kiko kushoto, cha chini kimesogea kulia. Wengi huamua papo hapo kwamba kadi ya picha imechoka, na mzazi huombwa maelfu ya shilingi anunue nyingine. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa sababu hata kadi yenye nguvu zaidi huweza kuchana picha vilevile.

Chanzo ni hiki. Picha ya gemu hupitia vifaa viwili. Kadi huichora, na kila picha moja huitwa fremu. Monita nayo huionyesha mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Monita ya hezi 60 hurudia kazi hiyo mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Ya hezi 144 hurudia kila baada ya milisekunde 6.9. Mwendo wa monita ya kawaida haubadilika, lakini wa kadi hupanda na kushuka: mbele ya ukuta mtupu huenda ikachora fremu 110 kwa sekunde, na penye moshi na umati ikashuka hadi 50. Kadi ikileta fremu mpya wakati monita bado iko katikati ya ile ya zamani, skrini hubeba fremu mbili kwa pamoja. Mpaka kati yake ndio ule mchaniko.

Kuna wanaodhani kwamba picha huchanika tu fremu zinapozidi hezi za monita. Sivyo. Hata fremu 45 kwenye monita ya hezi 60 huweza kuchanika, kwa kuwa tatizo si wingi wa fremu bali ni wakati zinapofika.

Dawa ya zamani huitwa V-Sync, nayo imo katika mipangilio ya gemu nyingi. Huilazimisha kadi isubiri monita imalize kabla ya kukabidhi fremu mpya. Mchaniko huisha, lakini kuna gharama mbili. Kwanza, mchezaji akibofya kipanya, tendo lake huchelewa kuonekana. Pili, kwenye monita ya hezi 60, fremu iliyochukua milisekunde 17 badala ya 16.7 imekosa zamu yake na lazima ingoje inayofuata. Kadi isipokuwa na nafasi ya ziada ya kuhifadhi fremu, mwendo huanguka kutoka 60 hadi 30, na gemu huanza kukwamakwama.

Mtaka yote hukosa yote, kwa hiyo uamuzi hutegemea gemu. Katika Counter-Strike 2, ambako sekunde ndogo huamua nani anaanguka, wachezaji wengi huizima V-Sync na kuvumilia mchaniko. Katika Tekken 8, gemu lenyewe huenda kwa fremu 60, na ngumi nyepesi hufika kwa takriban fremu 10. Hapo kuchelewa fremu mbili si jambo dogo. Lakini anayecheza gemu la hadithi au la kujenga mji hana haraka hiyo. Kwake V-Sync inafaa, mradi kadi yake haishuki chini ya 60.

Njia ya tatu ni monita inayofuata mwendo wa kadi badala ya kadi kuifuata monita. NVIDIA ilitangaza G-Sync mwaka 2013, na monita za kwanza za FreeSync ya AMD zilifika sokoni mwaka 2015. Tangu mwaka 2019, kadi za NVIDIA kuanzia kizazi cha GTX 10 huweza pia kutumia monita nyingi za FreeSync. Monita hizi zina mipaka yake, kwa mfano kati ya hezi 48 na 144. Fremu zikipita kikomo cha juu, mchaniko hurudi. Ndiyo maana wachezaji wenye uzoefu hufunga fremu kidogo chini ya kikomo, kwa mfano 141 kwenye monita ya 144.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kuna hatua nne zisizo na malipo.

1. Kuhakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya picha yenyewe, si kwenye tundu la ubao mkuu.

2. Kufungua mipangilio ya skrini katika Windows na kutazama hezi. Monita ya 144 huweza kuachwa kwenye 60 kwa miezi bila mwenyewe kujua.

3. Kufunga idadi ya fremu ndani ya gemu au katika programu ya kadi. Kadi isiyofungwa huweza kuchora mamia ya fremu hata kwenye menyu, ikila umeme na kutoa joto bure. Kwa duka lenye mashine kumi, hizo ni tokeni zinazoungua.

4. Kupunguza vivuli na mapambo mengine hadi fremu zitulie. Fremu 60 zilizotulia hupendeza macho kuliko zinazoruka kati ya 50 na 90.

Mchaniko ukibaki baada ya hayo, na fremu zinatosha, kifaa cha kufikiria kununua ni monita inayofuata kadi. Fremu zikiwa chache hata baada ya kupunguza mapambo, hapo ndipo kadi mpya ina haki ya kuombwa. Mzazi anayeombwa fedha ana haki ya kuuliza swali moja: hatua nne zimefanywa?