Mgonjwa wa Akili na Haki ya Mwili Wake



Ndugu zetu Waislamu, shukrani zote njema ni zake Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kusikika mimbarini, nalo ni afya ya mwili ya ndugu zetu wenye maradhi ya akili, hususan yale ambayo madaktari huyaita skizofrenia.

Mwenye maradhi haya husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huwa na yakini kwamba anafuatwa au anatiliwa sumu, mawazo yake hutawanyika, na aghalabu hujitenga na watu. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu milioni 24 hivi duniani wanayo, yaani mtu mmoja katika kila 300. Kwa hesabu hiyo, ni vigumu kuupata mtaa wa Manzese, Mabibo au Kimara ambao hauna mgonjwa huyu. Yumkini anayetusikiliza sasa hivi amemwacha mmoja nyumbani.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mgonjwa huyu huangamizwa na wazimu wake: atagongwa na gari Barabara ya Morogoro, au atajidhuru. Hayo hutokea, na hatuyapuuzi. Lakini shirika hilo hilo linaeleza kuwa uwezekano wake wa kufa mapema ni mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine, na kwamba mara nyingi kinachomuua ni maradhi ya mwili: moyo, kisukari na maradhi ya kuambukiza.

Wala tusiseme kuwa hayo ni mambo ya Ulaya. Katika eneo la Butajira, kusini mwa Addis Ababa, wataalamu wa Ethiopia waliwafuatilia wagonjwa 919 wenye maradhi makali ya akili kwa muda wa miaka 10, wakatangaza matokeo yao mwaka 2015. Waliofariki walikuwa 121, kiwango ambacho ni maradufu ya kile cha majirani zao. Walikufa wakiwa wamepungukiwa takriban miaka 30 ya umri waliotarajiwa kuishi, na karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na maradhi ya kuambukiza. Yaani maradhi ambayo mengi yake yana dawa!

Kwa nini basi wafe? Sababu ya kwanza, na ndiyo tunayoiona kuwa nzito kuliko zote, ni kwamba mgonjwa wa akili haaminiwi. Tuchukue mfano wa vijana wawili wa nyumba moja. Mmoja akikohoa wiki mbili, akatokwa jasho usiku na kukonda, mama yake atampeleka akapimwe makohozi, na akionekana ana kifua kikuu atapewa dawa bila malipo. Huyu wa pili, kwa kuwa ana skizofrenia, atakohoa miezi mitatu na watu watasema ndivyo alivyo. Akisema kifua kinamuuma, ataambiwa anaropoka. Akisema tumbo linawaka moto, wataulizana ni jini gani limepanda leo. Hata akifikishwa hospitali, mara nyingine mhudumu akiona daftari lake limeandikwa ugonjwa wa akili humrudisha kliniki ya akili, na kifua chake hakisikilizwi. Tena madaktari wameeleza kuwa baadhi ya wagonjwa hawa hawalalamikii maumivu kama sisi, hivyo mwingine hufikishwa hospitali wakati kidole tumbo kimekwishapasuka.

Hapa hatuna budi kuligusa suala la majini, maana tukilikwepa tutakuwa tumeyakwepa majumba yetu wenyewe. Sisi hatupingi kisomo cha kisheria. Tunachosema ni kuwa aliye na jini hakuzuiliwa kuwa na kisukari, na anayesomewa anaweza pia kupimwa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, wala hakuwatoa wenye maradhi ya akili katika himizo hilo. Ama kumfunga mtu minyororo, kumnyima chakula, kumchapa, kumfukiza moshi mpaka apaliwe, na kumwamuru atupe vidonge vyake, hayo si tiba. Kidonda cha mnyororo huoza kama kidonda kingine chochote. Na kombe lililofanyizwa kwa maji machafu, katika jiji hili lililokwishaonja kipindupindu mara kadhaa, linaweza kuwa ndilo lililomuua.

Sababu ya pili iko katika dawa zenyewe, na hapa tunaomba tueleweke vizuri. Dawa hizi zina manufaa makubwa, lakini zina gharama mwilini. Olanzapini na klozapini huamsha njaa, humnenepesha mgonjwa haraka na kupandisha sukari na mafuta katika damu. Haloperidoli hukakamaza viungo na kutetemesha mikono. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Klozapini hufunga choo kiasi cha kuhatarisha maisha, nalo ni jambo ambalo mgonjwa huona haya kulisema. Basi familia ikimwona kijana amenenepa husema, "Alhamdulillah, amepona," kumbe kiu yake isiyokatika na haja ndogo ya kila saa ni sukari.

Je, tuziache dawa? La hasha. Nchini Finland walifuatiliwa wagonjwa wa skizofrenia 66,881 kwa miaka 11, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa waliotumia dawa muda mrefu walikufa wachache kuliko wale ambao hawakutumia kabisa. Kinachotakiwa ni kuzitumia huku mwili ukichungwa.

Kuuchunga mwili kunaanzia kwenye uzito, kiuno, shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu. Vipimwe kabla ya kuanza dawa, virudiwe baada ya miezi 3 hivi, kisha angalau kila mwaka. Shinikizo la damu na sukari havihitaji safari ya Muhimbili, sembuse Mirembe kule Dodoma. Vinapimwa katika vituo vyetu vya afya na katika Hospitali ya Sinza Palestina. Anayemsindikiza asione haya kumwambia daktari, "Tafadhali mpime na sukari." Achukue pia vidonge vyote anavyokula mgonjwa, pamoja na mitishamba kama ipo.

Sigara nayo ina mkono wake. Wagonjwa hawa huvuta zaidi kuliko watu wengine, na wapo jamaa wanaowapa sigara ili watulie, jambo ambalo tunalichukia. Ila mgonjwa anayeacha amwarifu daktari, kwani moshi wa tumbaku huufanya mwili uimalize upesi olanzapini au klozapini. Akiacha ghafla, dawa huzidi mwilini na hulazimu kipimo kipunguzwe.

Na Ramadhani? Asiye na akili timamu hana jukumu la kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake. Lakini wapo waliotulia kwa dawa, nao wanatamani kufunga pamoja nasi. Hao wamwone daktari mapema, tangu Shaabani, wamuulize kama vidonge vinaweza kuhamishiwa futari na daku. Baadhi ya dawa hizi huuzuia mwili usijipoze kwa jasho, na kwa joto la Dar es Salaam mtu mwenye kiu anaweza kuanguka. Daktari akisema asifunge, na asifunge. Imamu asimtie unyonge kwa hilo.

Limebaki suala la yule asiye na mtu, anayelala barazani au kando ya barabara, ambaye tunampita tukienda swala ya alfajiri. Tunapendekeza kila kamati ya msikiti iteue watu wawili wanaomfahamu kwa jina lake, ambao hatawaogopa. Kazi yao iwe ndogo na yenye kujulikana: kutazama vidonda vya miguu yake, kusikiliza kama anakohoa, na kuona kama amekonda tangu mwezi uliopita. Wakiona dalili wamchukue kwa bajaji hadi kituo cha afya, na nauli itoke katika sanduku la msikiti. Wakae naye kwenye foleni mpaka aonwe, kwa sababu akiachwa peke yake ataondoka, au ataondolewa.

Wabillahi tawfiq.