Kupanda Masafa: Somo la Farasi kwa Wakimbiaji wa Kericho na Bomet

Kupanda masafa ni kuhama kutoka mbio ambazo mwili umekwisha kuzizoea kwenda mbio ndefu kuliko hizo. Kericho na Bomet jambo hili humkuta zaidi kijana wa mita 1,500 au 5,000 anayevutwa na mbio za barabarani, ambako zawadi ni nono na mialiko ni mingi. Kutoka mita 5,000 hadi marathoni masafa huongezeka zaidi ya mara nane, na wengi huumia kabla jina halijajulikana.

Sifa ya eneo hili ilianzia kwenye masafa ya kati. Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha akatwaa fedha Mexico mwaka 1968. Beatrice Chebet, naye mzaliwa wa Kericho, amefika mbali kwa hatua fupifupi. Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi wa mita 5,000. Mwaka 2022 akapata fedha ya dunia katika masafa yayo hayo. Mwaka 2023 na 2024 akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika. Ni Mei 2024, mjini Eugene, alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 28:54.14, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Miaka sita, na masafa yameongezeka mara mbili tu. Eliud Kipchoge naye hakuharakisha: alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Marathoni yake ya kwanza ilikuja mwaka 2013. Hellen Obiri, jirani wa Kisii, alimaliza wa sita katika marathoni yake ya kwanza, New York 2022, kabla ya kushinda Boston mara mbili mfululizo.

Sababu ya kwenda polepole imo mwilini. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya kwa wiki chache; kano na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo mkimbiaji hujisikia tayari wakati miguu yake bado. Barabara za marramu zinazopita katikati ya mashamba ya chai hupanda na kushuka bila kukoma, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Kupanda hujenga, kushuka ndiko kunakoumiza, kwa kuwa misuli ya paja hufanya kazi ya breki. Mvua ya alasiri huigeuza marramu kuwa utelezi, hivyo mbio ndefu hufanywa alfajiri. Kisha kuna chakula: wanga uliohifadhiwa mwilini huelekea kwisha karibu na kilomita ya 30. Ugali wa jana hautoshi. Tumbo nalo hufundishwa kupokea maji yenye sukari mwendoni, na hufundishwa mazoezini.

Mchezo mmojawapo ulioliwekea suala la kupanda masafa sheria kali ni mbio za masafa za farasi, zinazopendwa sana katika nchi za Ghuba na kusimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Farasi, FEI. Farasi mgeni huanzia mbio za chini ya kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 16 kwa saa. Akimaliza salama zaidi ya mara moja ndipo huruhusiwa kusogea, hatua kwa hatua, hadi kilomita 160. Njia hukatwa vipande, na mwisho wa kila kipande kuna lango la ukaguzi. Daktari wa mifugo hupima mapigo ya moyo, ambayo sharti yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda mfupi uliowekwa. Husikiliza tumbo, hutazama ufizi, kisha farasi hukimbizwa kidogo kuona kama anachechemea. Akishindwa, safari imekwisha, hata kama anaongoza. Baada ya mbio ndefu kabisa hupumzishwa zaidi ya mwezi.

Mwanadamu hana lango la namna hiyo. Farasi analindwa kwa kuwa hawezi kusema. Mkimbiaji anaweza, lakini mara nyingi hunyamaza, hasa akiwa na karo za wadogo zake mabegani.

Lango hilo basi ni kazi ya kocha. Mapigo ya moyo hupimwa kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, na yakipanda kwa siku kadhaa mazoezi hupunguzwa. Maumivu ya mfupa wa muundi yasiyopoa usiku hupelekwa hospitali, hayakandwi tu. Wasichana hupimwa wingi wa damu na madini ya chuma, na kukatika kwa hedhi huchukuliwa kuwa onyo la upungufu wa chakula. Anayetoka mita 5,000 hupitia mita 10,000 na nyika, kisha nusu marathoni kadhaa, na meneja anayeleta mkataba wa marathoni kabla ya hapo hujibiwa na kocha, si na kijana mwenyewe.