Kuhesabu Ndege na Kuwaimba: Maneno kwa Familia za Wahami na Viongozi



Leo tunapenda kuongea juu ya mtu wa mbali ambaye maisha yake yanatuhusu. Anaitwa J. Drew Lanham. Alizaliwa mwaka wa 1965, akakulia kwenye shamba la familia yake huko Edgefield, katika jimbo la South Carolina, Marekani. Mababu zake walikuwa watumwa. Tukumbuke kwamba Waafrika wengi waliofikishwa kwa nguvu bandarini Charleston, katika jimbo hilo, walichukuliwa kutoka pwani ya Kongo na Angola. Kwa hiyo habari za huko si za wageni kabisa.

Lanham alisomea wanyama wa pori, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Clemson. Kwa miaka mingi alichunguza namna utunzaji wa misitu unavyogusa maisha ya ndege. Kazi hiyo ni ya kuhesabu na kuandika namba. Kisha akatunga mashairi. Mwaka wa 2016 alitoa kitabu cha mashairi, Sparrow Envy, maana yake kumwonea shomoro wivu. Mwaka wa 2022 alipewa tuzo kubwa ya MacArthur. Sayansi hakuiacha, ila aliona kwamba namba peke yake haimfanyi mtu apende msitu.

Kuna jambo moja katika maandishi yake tunalotaka mlibebe. Kwenye pwani ya jimbo lake, watumwa walifyeka vinamasi na kujenga matuta ya mashamba ya mpunga kwa mikono yao. Leo sehemu ya mashamba hayo ni makimbilio ya ndege wa majini. Lanham anautaja uzuri wa ndege na jasho la watu wale kwa pamoja. Dhuluma haifichi, na udongo hauchukii.

Nasi tuna ardhi yenye historia nzito. Hifadhi ya Virunga, ambayo wengi wetu tunaiita parke, iliundwa mwaka wa 1925. Mwaka wa 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa karibu nayo, wakakata miti ili wapike. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tangu hapo vita vimefuatana. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Familia zilizohama zimeitwa waharibifu wa msitu, nazo familia zinawaona walinzi kama watu wanaojali wanyama kuliko binadamu. Kila upande una maiti wake, na kila upande unaongea peke yake.

Tusidanganyane: shairi haliivishi maharagwe. Mama anayetafuta kuni anahitaji makala ya miti iliyopandwa, kama ile ya mpango wa EcoMakala ulioanza Kivu ya Kaskazini mwaka wa 2007, na mbabula isiyokula makala mengi. Viongozi, msiache kuyadai hayo, wala haki ya mashamba.

Lakini kuna kazi ambayo haihitaji fedha. Wazee wanajua majina ya miti, ndege na mito ya vijiji walivyovikimbia. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini hayajui. Anajua hema na foleni ya maji. Mzee akifa, majina yanazikwa naye, na siku ya kurudi mtoto ataingia kijijini kama mgeni.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Jioni, wazee wawatajie watoto majina hayo kwa lugha ya kwao, na vijana wayatungie nyimbo na mashairi. Pili, kabla ya kikao cha kugombania mpaka au kuni, viongozi wawape nafasi wahami, wenyeji na walinzi, kila mmoja aseme anachokipenda katika msitu ule. Ubishi hautaisha siku hiyo. Lakini watu waliosikia kwamba wanapenda mlima uleule wana pa kuanzia mazungumzo.